Jogoo wa Haiti

Jumapili iliyopita mwanangu karudi kanisani na bahasha. Zile za kaki, zenye mstari wa jina la mtoaji na mstari wa kiasi. Safari hii ni mchango wa watoto yatima wa nchi za nje. Nilikuwa natwanga thomu, kinu kipo katikati ya miguu, na kabla sijaipokea ameshanitupia swali: "Mama, hao watoto wanajua kama sisi ndio tunaowachangia?"

Nikamwambia akavue nguo za kanisani kwanza.

Mimi na hizi bahasha tuna kesi ya siku nyingi.

Mliokuwepo Unguja wakati ule mnakikumbuka kile kiza. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulikufa Disemba 2009, na taa hazikurudi mpaka Machi. Miezi mitatu. Pampu hazina umeme, mabomba yakakauka, tukawa tunapanga ndoo kisimani tangu alfajiri. Kule Mji Mkongwe mahoteli yalinguruma na majenereta yao usiku kucha, huku mitaani kwetu Ng'ambo tukarudi kwenye mafuta ya taa. Bibi ndiye pekee niliyemwona hana wasiwasi. Yeye kibatari chake hakuwahi kukitupa.

Basi ndani ya kiza hicho ndipo redio ya betri ikatuambia habari za Haiti. Tetemeko lilipiga tarehe 12 Januari 2010, jioni kwa saa zao. Kwetu ilikuwa saa saba kasoro dakika saba usiku, Sikukuu ya Mapinduzi imeshamalizika, watu wamelala. Mji wao mkuu, Port-au-Prince, ulilala chini. Bibi akauliza Haiti ipo wapi, ni mbele ya Komoro? Hakuna aliyemjibu, maana nyumba nzima hakuna aliyejua.

Aliyejua alikuwa Padri. Jumapili yake alitueleza kwamba Haiti ni upande wa pili wa dunia, visiwa vya Karibi, na watu wake ni wajukuu wa Waafrika waliobebwa na meli za watumwa wakavunja minyororo wenyewe mwaka 1804. Sasa watoto wamebaki peke yao, akasema. Wiki ijayo baada ya misa patakuwa na mnada, kila nyumba ilete chochote ilichonacho. Bibi alikuwa ananikuna mgongo kwa ukingo wa kitabu cha nyimbo, kama kawaida yake mahubiri yakiwa marefu. Alipoyasikia ya meli mkono ukasimama.

Nyumbani kwetu kulikuwa na jogoo mmoja wa maana, mwekundu, miguu mirefu, nusu kuchi. Huyo jogoo alikuwa viatu vyangu vya skuli. Hayo yalishazungumzwa: Januari skuli zikifunguliwa anapelekwa Darajani, anauzwa, tunarudi na viatu vyeusi. Skuli zilishafunguliwa, vya zamani vilishatoboka, kidole gumba cha mguu wa kulia kinachungulia nje kama mtu wa dirishani. Jumamosi usiku nikamwona Bibi anatafuta kamba ya usumba. Sikuuliza. Niliomba tu usiku ule jogoo apotee, nikaahidi na kufunga juu yake, lakini asubuhi aliwika palepale alipo.

Nilipewa mimi nimshike.

Chini ya mti wa mkungu wa kanisani palipangwa nazi, mashazi ya ndizi, kikapu cha mayai, mafungu ya muhogo, na pakti mbili za mishumaa ambazo siku zile zilikuwa dhahabu. Mnadishaji alikuwa mzee mmoja mwenye kifua, anayeweza kuliuza hata jiwe. Mishumaa ikaondoka upesi. Mayai yakauzwa, aliyeyanunua akayarudisha, yakauzwa tena. Mnaujua mnada wa kanisa, kitu kimoja kinalipiwa mara tatu na bado kipo mezani.

Ikafika zamu ya jogoo. Nikasogea mbele. Nilikuwa nimembana kwapani, moyo wake unagonga kwenye mbavu zangu haraka haraka, na jicho lake moja, la rangi ya chungwa, limenikazia. Elfu nne. Elfu tano. Elfu sita. Saba. Hapo ikakwama. Mnadishaji akaimba "saba mara ya kwanza", akaangaza huku na huku, watu wakawa wanatazama viatu vyao. Mimi nikaanza kupata matumaini. Labda tutarudi naye.

Ndipo mkono ukanitua kichwani. Ulikuwa mzito na unanukia tambuu.

"Jamani," akasema, na sauti yake ikashuka, haikuwa tena ya mnada. "Mnamjua huyu aliyemshika jogoo? Huyu baba hana. Mama hana. Huyu ni yatima wetu wa hapa hapa, na anawatolea yatima wenzake."

Sijui niwaelezeje. Kwamba baba na mama wamekufa nilikuwa nikijua, kama mtu anavyojua nyumba yao haina dari. Lakini lile neno hakuna aliyewahi kunivika. Mtaani nilikuwa mjukuu wa Bibi. Skuli nilikuwa yule mrefu wa darasa la saba. Yatima walikuwa watu wa redioni, watu wa Haiti, waliokaa juu ya matofali. Sasa mkono upo kichwani na uwanja mzima unanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwa watu hao hao, wengine walionifukuza kwenye miembe yao wiki iliyopita.

Kimya. Kisha mama mmoja akasema, "Elfu kumi." Nyuma yake mwingine, "Kumi na mbili." Bei ikapanda kama maji ya bamvua, na kila ilivyopanda nikazidi kushikwa na joto la masikio. Nilitaka kusema si mimi niliyetoa. Jogoo akaninyea. Yalishuka ya moto kwenye gauni langu la Jumapili, na sikuthubutu kusogea hata nijipanguse, kwa sababu ule mkono haujaondoka.

Aliuzwa kumi na mbili, akarudishwa. Akauzwa kumi na tatu, akarudishwa. Mara sauti ikatoka nje ya lango, barabarani: "Kumi na tano, na mimi simrudishi!" Ami muuza kahawa. Alikuwa amesimama na dele lake na vikombe mkononi, kofia imeinamia jicho moja. Watu wakacheka, lango likafunguliwa, yeye hakuingia. Alihesabu pale pale kizingitini, sarafu za hamsini hamsini za kahawa na noti zilizolegea, zikafika elfu tisa. Iliyobaki aliileta Alhamisi.

Mtaani walisema Muislamu yule kawahurumia mayatima, na ikawa hadithi nzuri. Huenda. Mimi najua alikuwa akimtolea macho yule kuchi tangu Ramadhani.

Fedha zilipelekwa zilikopelekwa. Usiku, Bibi akipunguza utambi, nikamwambia: "Yatima wa Haiti wamevaa viatu vyangu." Nilitegemea kofi. Yeye akanisimulia habari za bibi yake, aliyetolewa mtoto mdogo kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa na manowari ya Waingereza, akapelekwa Mbweni kwa Wamisheni kulelewa na wasichana wenzake. Nguo zilikuwa zikija kwa masanduku, zimeshonwa na wanawake wa makanisa ya Uingereza. Yeye aliangukia gauni la sufu. Sufu, Unguja hii, Februari.

"Likawa linamuwasha," Bibi akasema, akacheka mpaka kibatari kikayumba. "Mpaka amezeeka anajikuna akilikumbuka."

"Aliwajua waliomshonea?"

"Atawajulia wapi?"

Akapuliza taa.

Kama wiki mbili baadaye tulikuta mfuko wa rambo mlangoni, ndani mna viatu vyeusi. Si vipya. Vya kiume, vya kamba, pua imepigwa rangi kufunika mikwaruzo. Bibi aliapa hajui vimetoka wapi, na Bibi hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Nilivivaa mwaka mzima nikiificha miguu chini ya dawati. Kila misa niliwapitia akina mama wa kanisani mmoja mmoja kwa macho, nitafute nani wa kumchukia. Asubuhi nikivifunga kamba, jogoo wangu anawika uwani kwa Ami, nyumba ya tatu.

Mwanangu kashauliza mara ya pili na ya tatu. Nimemwambia sijui kama wanajua. Akataka kujua kama wakijua watafurahi, nikamwambia ale.

Bahasha ipo juu ya kabati. Nimetia elfu kumi, nikaitoa, nikairudisha. Mstari wa jina nimeuacha wazi, na yeye hanipi nafasi, ati nijaze, la sivyo mwalimu atasema sisi hatukutoa.