Dishi limesikia, ila si nilichokuwa ninatafuta

Tangu mwezi wa Januari nimekuwa nikitafuta njia ya kunasa sauti ya ndege mmoja mmoja katika msitu wa City Park, Nairobi, na jana, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilifanikiwa kwa mara ya kwanza. Ninaandika leo, kabla sijasahau makosa yaliyonifikisha hapa, kwa sababu karibu yote yalihusu swali moja, nalo ni mahali pa kufunga maikrofoni.

Anayerekodi jijini anafahamu adha ya maikrofoni tupu: ukimwelekezea ndege mdogo kama chozi, unarudi nyumbani na matatu za Barabara ya Limuru. Kwa hiyo, ili nipate bakuli la kukusanya sauti kuielekea maikrofoni, nilinunua karai Kamukunji, lenye upana wa sentimita 48 na kina cha sentimita 12. Kwa kanuni ya parabola, mpindo unaokusanya sauti mahali pamoja paitwapo fokasi, upana huzidishwa kwa wenyewe, kisha hugawanywa kwa kina mara 16. Fokasi ikaangukia sentimita 12 kutoka kitakoni, yaani sawasawa na mdomo wa karai. Nilifunga maikrofoni hapo nisipate chochote cha maana. Nikaisogeza nusu sentimita mbele, nikairudisha nusu sentimita nyuma, jioni baada ya jioni, hadi nikaanza kuishuku maikrofoni, kisha waya, kisha masikio yangu mwenyewe.

Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba karai ni parabola, ilhali umbo lake linakaribia kipande cha tufe, na tufe lenye kina namna hiyo halina fokasi moja. Nilipochora miale kwenye karatasi ya miraba, niliona kwamba sauti inayogonga karibu na katikati hukutana sentimita 15 kutoka kitakoni, huku ile inayogonga ukingoni ikikutana sentimita 5 tu. Popote ambapo ningeweka maikrofoni, ningepata sehemu ndogo ya sauti na kuikosa iliyobaki; ilikuwa kuteka maji kwa pakacha. Na hapo sijataja kitako chenyewe, ambacho ni bapa. Karai sasa linafuliwa soksi, kazi inayolistahili.

Muuza vyuma chakavu wa Kariobangi ndiye aliyeniokoa bila kujua, aliponiuzia dishi la televisheni la sentimita 60 pamoja na mkono wake. Mkono huo una thamani kuliko dishi, kwa sababu kiwanda kimekwisha kuipima fokasi: unaondoa kile kichwa cha kupokea mawimbi na kufunga maikrofoni mahali pake. Hata hivyo nilipoteza wiki mbili zaidi, maana dishi la aina hii limekatwa kutoka upande wa parabola kubwa, na halisikii kule linakoonekana kutazama. Nilipolielekeza usoni kwa ndege, lilisikiliza digrii zaidi ya ishirini juu yake, nami nikarekodi anga kwa bidii kubwa. Mwishowe niliiacha simu ikilia juu ya ukuta wa uani, nikaligeuza dishi taratibu hadi mlio ulipofikia kilele, kisha nikafunga mrija wa kalamu tupu ukiielekea simu ile. Sasa ninalenga kwa kuchungulia ndani ya mrija, hata kama dishi linaonekana kama limeinamia miguu yangu.

Dishi lina mipaka yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 570 lina urefu unaokaribia sentimita 60, na kwa sauti nene kuliko hiyo, zenye mawimbi marefu kuliko upana wa dishi, dishi langu ni bati tu. Tetere wenye sauti nene hawanufaiki sana, lakini ngurumo za injini nazo hazikuzwi, na kwangu hiyo ni biashara nzuri. Kuhusu programu, bado ninaipenda Audacity, kwa kuwa ni ya bure na huonyesha picha ya sauti bila mbwembwe. Programu za simu zinazotaja jina la ndege papo hapo ninazitumia kama ninavyomtumia rafiki mwenye haraka: ninamsikiliza, kisha ninahakiki.

Jana ilinilazimu kuhakiki. Noti tatu zinazoshuka zilisikika, na simu ikatangaza kekeo kifua-chekundu, Cuculus solitarius, ambaye wakati huu wa mvua husikika kila mahali Nairobi. Nilikuwa ninamsubiri huyo huyo. Lakini kekeo hupenda kuitia juu mitini, ilhali mrija wangu ulikuwa umelenga kichaka kilichonifika kiunoni. Baada ya kurudia mara nne, sauti ile ile iliendelea moja kwa moja na wimbo mwingine, kisha akachomoza kurumbiza, Cossypha semirufa, mwigaji hodari wa bustani za mji huu. Kinachonichekesha ni kwamba kekeo huyo hutaga mayai yake katika matago ya jamii ya kurumbiza, na hapa kurumbiza anaimba wimbo wa anayemtwisha malezi.

Nilikuwa nimepanga kuorodhesha ndege wote wa City Park kabla masika hayajaisha. Kenya ina zaidi ya spishi 1,100, nami nilitaka kuanza na hizo chache za jirani, ila orodha imewekwa kando. Ninataka kurekodi kekeo halisi na kurumbiza kwa dishi hili hili, kutoka umbali ule ule, ili nipime kama mwigaji hukosea noti ya tatu, kama masikio yangu yanavyodai. Noti tatu za kurumbiza ninazo. Kekeo mwenyewe amekuwa akiita ng'ambo ya barabara tangu alfajiri ya leo, na waya wangu wa maikrofoni una urefu wa mita mbili.