Miaka 18 kwa kamusi moja
Jana usiku sikulala, nilikuwa nasoma habari za Edmund Castell, kasisi wa Uingereza aliyezaliwa 1606. Jamani, huyu mzee kaniliza.

Alikaa miaka 18 akitunga kamusi ya lugha 7: Kiebrania, Kikaldayo, Kisiria, Kisamaria, Kihabeshi cha kale, Kiarabu na Kiajemi. Mwenyewe anasimulia kwamba siku ambayo hakufanya kazi saa 16 hadi 18 aliiona kama ya mapumziko! Mali yake yote ikaishia humo, na mwaka 1667 akafungwa kwa sababu ya madeni ya ndugu yake aliyokuwa amemdhamini. Macho nayo yakafifia.

Kamusi ilitoka 1669 ikiwa majalada mawili makubwa. Wanunuzi wakawa wachache. Alipofariki 1686, mamia ya nakala yalikuwa bado hayajauzwa, na baadaye mengi yakaliwa na panya.

Mimi nina daftari la maneno ya marehemu bibi yangu, nililoanza 2019 nikaliweka kando kwa sababu hakuna aliyeliulizia. Leo alfajiri nimelitoa kabatini. Nilikuwa nimeishia herufi M. Nimeshaongeza maneno manne, na jioni nampigia shangazi aniambie mengine.