Barua Aliyokataa Kuisoma

Msibani kwa Mwalimu palikuwa na meza ndogo chini ya turubai, na kijana aliyeshika daftari la rambirambi. Mama yangu alipofika mbele yake, kijana akamuuliza kwa heshima, "Bibi, nikuandike nani?" Mama hakujibu. Aliichukua kalamu, akalisogeza daftari, akaandika mwenyewe. Alikawia. Majina yake mawili, jina la kijiji, kisha elfu kumi kwa tarakimu. Jua lilikuwa kali na foleni ndefu, lakini wale bibi wenzake waliokuwa nyuma yetu hawakunung'unika, maana nao walikuwa wanaingoja kalamu hiyo hiyo.

Nilisimama pale nikilia. Mwalimu alinifundisha hesabu na Kiswahili kwa miaka mitatu, lakini kilichonijia si darasani. Ilinijia alasiri moja ya mwaka 1975, alasiri niliyomchukia.

Kijiji chetu kiko wilayani Masasi. Wakati ule wanaume kadhaa walikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, na baba alikuwa mmoja wao. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la shule, na Mwalimu ndiye aliyezifuata mjini kwa baiskeli kila Jumamosi. Akirudi huwakuta kinamama wamekaa barazani kwake wanamsubiri. Alimsomea kila mmoja peke yake, kwa sauti ya chini, kisha akamwandikia majibu. Alijua nani ameoa mke wa pili huko Korogwe, nani anakohoa damu, nani hakutuma hela kwa sababu ameinywa. Halikumtoka hata neno moja. Katika kijiji ambacho kuku akitagia kwa jirani habari zinafika kisimani kabla ya yai, hilo halikuwa jambo dogo.

Wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa zile sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga kabla ya nchi nzima, ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Rais Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwetu sisi maneno hayo makubwa yalikuwa ubao ulioegemezwa kwenye mkorosho, saa kumi alasiri, na kinamama juu ya mikeka, wengine wananyonyesha. Masomo hayo tuliyaita kisomo. Mwalimu alikuwa ameshinda nasi tangu asubuhi, koo limemkauka, halafu anaanza upya na mama zetu: ba, be, bi, bo, bu. Mama alianza, akaacha wakati wa palizi, akarudi, akaacha tena alipojifungua mdogo wangu. Mwalimu hakumgombeza. Alikuja nyumbani jioni moja, akaomba maji ya kunywa, akamsifia mtoto, akaaga. Habari ya kisomo hakuigusa. Kesho yake mama alikuwa kwenye mkeka.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika ulikuwa unakuja Agosti. Kipindi kilipokwisha, Mwalimu akatoa mfukoni bahasha ya baba, akampa mama.

"Nisomee, Mwalimu."

"Leo hapana, mama. Soma mwenyewe."

Mama alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa darasa la nne, nimembeba mdogo wangu mgongoni, nikanyoosha mkono: "Lete, mama, nitakusomea mimi." Mwalimu akanishika bega. "Mwache." Hakuongeza neno. Nilimtazama yule mtu, nikaona anamwaibisha mama yangu mbele za watu, nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Mama akafungua bahasha. Akaanza, sauti imenyooka: "Mke wangu mpenzi, salaam sana. Ama baada ya salaam, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu..." Kinamama wakapiga vigelegele. Nami nilishangaa. Mwalimu peke yake hakupiga makofi. Barua zote za kutoka Tanga zilianza hivyo, na mama alikuwa amezisikia miaka sita. Alikuwa hasomi, alikuwa anakariri. Mwalimu akachuchumaa kando yake, akaifunika mistari ile ya mwanzo kwa kiganja, akaonyesha katikati ya karatasi kwa kipande cha chaki.

"Na hapa?"

Kimya. Kidole cha mama kikatua kwenye mstari, kinatetemeka.

"U... si... u... ze." Akarudi mwanzo. "Usiuze. Usiuze m... mbu... mbuzi." Akainua uso ghafla. "Mwalimu! Anasema nisiuze mbuzi!"

Mbuzi yule alikuwa ameshaahidiwa mtu, aje kumchukua Ijumaa.

Akaendelea, neno kwa neno, jasho likimtoka, nasi tumemzunguka. Kisha sauti ikakatika. Midomo iliendelea kwenda, lakini hatukusikia kitu. Alitazama huku na huku, akaikunja barua mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Baba kasemaje?" nikauliza.

"Mambo yetu."

Mwalimu alikuwa ameshanyanyuka, ametupa mgongo, anafuta ubao ambao alikuwa ameufuta tangu mwanzo.

Miaka mingi baadaye, nami nimekuwa mwalimu, nilimuuliza kwa nini alikataa siku ile. Alifikiri kidogo. "Mwanangu, nilikuwa mtu wa tatu katika kila ndoa ya kijiji kile. Unasoma maneno ya mume wa mtu, na mkewe amekaa hapo hapo mbele yako, hana hata pa kuficha uso. Nilitaka kutoka."

Usiku wa siku ile niliamka nikaona mwanga. Mafuta ya taa yalikuwa ya taabu, na mama hakuwa mtu wa kuwasha kibatari tukishalala. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, karatasi iko juu ya goti, kidole kinatembea polepole. Kila kilipofika mahali fulani, karibu na mwisho, kilirudi nyuma, na midomo ikaanza upya. Nikafumba macho ili asijue kwamba nimemwona.