Magunia sita ya karanga niliyoyafukia

Wiki tatu zilizopita nilifukia magunia sita ya karanga nyuma ya nyumba. Vijana wawili walichimba shimo, tukamwaga, tukachoma, tukafukia majivu. Jirani alichungulia juu ya ukuta akaniuliza, "Dada, kuna amani kweli?" Namwelewa. Kwa macho zilikuwa karanga nzuri: nyekundu, zimejaa, hazina mdudu wala harufu. Lakini maabara ilizikuta na sumukuvu kupita kiwango.

Nasaga na kufungasha unga wa lishe hapa Dodoma. Naweka mahindi, ulezi, soya na karanga. Wateja wangu wengi ni kina mama wenye watoto wa miezi sita kwenda juu, wanaoanza kula. Mtoto wa kilo nane anapewa uji huo asubuhi na jioni, leo na kesho, na hana namna ya kukataa. Kilichomo kwenye pakiti yangu ndicho kinachoingia mwilini mwake.

Kwa wasioijua, sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, hasa zikipigwa na ukame shambani au zikihifadhiwa mbichi. Haionekani, haina ladha, na kuchemsha uji hakuiondoi. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaharibu ini na kuua. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na kule Kiteto waliugua, macho ya manjano, matumbo yamejaa, na karibu 20 walifariki. Wenzetu wa Kenya, mwaka 2004, walizika watu 125. Walipopima mahindi na unga uliokuwa madukani kule Makueni, Kitui na jirani zake, zaidi ya nusu ya sampuli zilivuka kiwango.

Mimi nilianza biashara mwaka 2017, habari za Chemba bado mbichi masikioni, na sikupima. Nilichambua, nikapepeta, nikanusa. Nilikuwa na kipimo kimoja tu alichonifundisha mama: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Ikidondoka yote chini, yamekauka. Ni kipimo kizuri na hadi leo nakitumia. Lakini kinasema habari za unyevu peke yake. Mahindi yaliyoota ukungu mwezi wa nne na kukaushwa mwezi wa saba yanafaulu kwenye chupa, na sumu iko pale pale.

Miaka minne niliuza hivyo. Kuna mama mmoja wa mapacha alikuwa akichukua kilo nne kila mwezi. Pakiti zile zilishaliwa, hakuna wa kuzipima tena, na jambo hili huniamsha usiku.

Nilianza kupima nilipoomba alama ya ubora. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuchukua sampuli. Sumukuvu haijatandaa sawasawa. Punje chache zaweza kubeba sumu ya gunia zima, kwa hiyo kiganja cha karanga za juu hakikuambii kitu. Sasa nina bambo langu, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje kutoka ndani ya gunia. Nalichoma kila gunia, juu, kati, chini na pembeni, nachanganya zote kwenye turubai, nagawa mafungu manne, naondoa mawili, nachanganya tena. Zinazobaki nazisaga, ndipo napeleka maabara.

Kiwango chetu Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Chukua lori la tani 30: sumu inayotosha kulifikisha lote kwenye kikomo ni karibu theluthi moja ya gramu, kama chumvi unayobana kwa ncha za vidole. Ni pua gani itainusa? Karanga zangu zilitoka na 46.

Mtu mmoja akataka kuninunulia kwa bei ya chini akamue mafuta. Nikakataa. Mashudu yake yangekwenda kwa ng'ombe, na sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa, ikamrudia mtoto yule yule kwa mlango mwingine.

Nilimfuata mzee aliyeniuzia. "Shikamoo baba." Akapokea, akanikaribisha, nikamwonyesha karatasi ya maabara. Akaisoma taratibu. "Mwanangu, karanga hizi walikula wazee wetu, na sisi tunakula. Mbona tuko hai?"

Nikamuuliza kama hapo kijijini hakuna aliyefariki kwa ini. Alinyamaza kidogo. "Mdogo wangu," akasema. Sikumwambia ni karanga, maana ini huugua kwa mengi, na si mimi wa kumpa jibu hilo.

Tukaanza kuzungumza jinsi wanavyobangua. Akaeleza kuwa maganda yakiwa magumu wananyunyizia maji usiku, asubuhi yanavunjika kirahisi, kisha karanga zinatiwa kwenye magunia ya plastiki jioni ile ile. Maji, joto, gunia lililofungwa. Ukungu hauhitaji zaidi ya hayo. Wala hakuwa ananificha; hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima.

Hasara ya magunia sita ni kubwa kwa mtu kama mimi, sitaki kuipunguza. Ada ya shule ya muhula huu nimeikopa. Lakini mzee ameniletea magunia mawili mapya, yamebanguliwa makavu na wanawe kwa mikono, yameanikwa juu ya turubai. Juzi nilipiga bambo nikapeleka sampuli. Mwenye duka kanipigia mara mbili kwamba rafu yake iko tupu na wateja wanauliza. Nimemwomba avumilie hadi Ijumaa, karatasi itoke kwanza.