La Purísima: misheni iliyoshikwa na Wachumash kwa karibu mwezi mzima

Misheni nyingi kati ya 21 ambazo mapadri Wafransisko walizianzisha California kuanzia 1769 hadi 1823 zilijengwa kuuzunguka ua wa mraba. La Purísima, karibu na mji wa Lompoc, haiko hivyo: majengo yake marefu yamepangwa kwa mstari. Padri Fermín Lasuén aliizindua tarehe 8 Desemba 1787 mahali pengine, lakini tetemeko la tarehe 21 Desemba 1812 likaiangusha, mvua ikamalizia kuta zilizosalia, na mwaka uliofuata Padri Mariano Payeras akaihamishia ng'ambo ya mto Santa Ynez, katika bonde la Los Berros.

Waliofyatua matofali ya udongo, wakayaanika juani na kuzipandisha kuta hizo walikuwa Wachumash, wenyeji wa nchi ile. Ndio pia waliolima, waliochunga ng'ombe, waliochuna ngozi na kuyeyusha mafuta yake katika masufuria makubwa. Aliyekwisha kubatizwa hakuruhusiwa kuondoka apendavyo, na aliyetoroka alifuatwa na askari. Surua na ndui, magonjwa waliyoletewa na wageni, viliwaua kwa mamia. Kisha, vita vya uhuru wa Mexico dhidi ya Hispania, iliyotawala California pia, vilipoanza mwaka 1810, mishahara na bidhaa za askari zikaacha kuja, na mzigo wa kuwalisha na kuwavika ukawaangukia Wachumash hao hao, ambao jasho lao halikuwa na malipo.

Kwa hiyo kijana Mchumash wa La Purísima alipochapwa viboko na askari katika misheni jirani ya Santa Inés, mwezi Februari 1824, hasira iliyolipuka ilikuwa imejilimbikiza kwa miaka mingi. Wachumash waliiteka La Purísima, wakawaruhusu askari wachache waliokuwapo waondoke na familia zao, na Padri Antonio Rodríguez akabaki pamoja nao. Walitoboa matundu ya bunduki katika kuta, wakajenga boma, wakaitega mizinga midogo iliyozoea kulia siku za sikukuu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tukio hilo husimuliwa kama ghasia za siku moja, ilhali watu hawa walipanga ulinzi na kuishikilia misheni kwa karibu mwezi mzima.

Tarehe 16 Machi wanajeshi zaidi ya 100 kutoka Monterey walifika na mzinga wenye nguvu zaidi. Mapigano yalidumu saa chache. Wachumash 16 waliuawa, na padri akasaidia kuwapatanisha ili risasi zikome. Baadaye 7 walihukumiwa kifo, na wengine wakapewa kifungo cha kazi ngumu.

Misheni ilinyang'anywa mali zake na serikali ya Mexico miaka ya 1830, ikauzwa 1845, ikabomoka. Kinachoonekana leo ni kazi ya vijana wa kikosi cha ajira cha Rais Roosevelt, ambao kuanzia 1934 waliijenga upya kwa kufyatua matofali na vigae kwa mkono, kama ilivyofanywa awali. Ilifunguliwa tarehe 7 Desemba 1941, na sasa ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo la California, ambapo mgeni huingia karakana, kambi ya askari na vyumba vya mapadri, si kanisa pekee.

Ustadi wa ujenzi huo unastahili sifa, lakini usafi wake unaweza kumpumbaza mtu, kwani kuta zilizopakwa chokaa vizuri hazionyeshi matundu ya 1824. Ninamshauri mgeni aanze na kambi ya askari na mahali ilipokuwa mizinga, ndipo aende kanisani. Wachumash wenyewe hawakutoweka: jamii ya Santa Ynez inatambuliwa na serikali kuu ya Marekani, na ardhi yake iko jirani na Santa Inés, pale pale uasi ulipoanzia.