Brekipadi za Kirinyaga Road

Wiki mbili zilizopita nilinunulia gari ya mzee brekipadi pale Kirinyaga Road, jamaa ananiapia ni orijino, boksi iko na stika inang'aa, na bei ameshusha mara tatu kabla hata sijaomba, hapo ndio ningeshtuka. Saa hii zinalia kama paka amefungiwa kabatini. Na aibu ni kwamba mimi kazi yangu ni kurepea ndege ndogo pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi.

Hangani spea haifungwi kwa ndege juu inaonekana poa, lazima ikuje na karatasi yake, ile fomu ya Marekani ama ya Ulaya inayosema ni kitu gani, nambari yake ni gani na nani amesaini kwamba iko sawa. Nikianza kazi niliona ni usumbufu tu. Halafu siku moja fundi mkubwa wetu akashika beringi mpya kabisa, bado iko kwa nailoni yake, serial kwa karatasi inaishia na 6, kwa chuma inaishia na 8. Akaifunga tegi nyekundu, yaani imekataliwa. Mwenye ndege akawaka, wageni wake wanangoja kupelekwa Mara, "si ni namba moja tu mzee!" Fundi akamjibu polepole, "Sawa, basi niletee ile yenye hiyo namba moja."

Jioni kwa chai ndio akanihadithia ile ndege aina ya Convair ya Partnair, shirika la Norway, tarehe 8 Septemba 1989, imetoka Oslo inaenda Hamburg, watu 55 ndani, wengi wao wa kampuni moja ya meli. Mkia ulitikisika mpaka ukaachia angani, ndege ikaanguka baharini karibu na Denmark, hakuna aliyepona. Bolti zilizoshika mkia zilikuwa feki, chuma hakikupikwa na moto inavyotakiwa, kwa hivyo ikalika polepole. Kwa macho huwezi jua, bolti ni bolti.

Lakini inayoninyima usingizi ni ya juzi juzi, 2023, kampuni ya London inaitwa AOG Technics. Hawa karatasi walikuwa nazo, shida karatasi zenyewe ndio zilikuwa za kughushi, na spea zilikuwa za injini za CFM56, hizo zinabeba Boeing 737 na Airbus A320 kibao duniani, mashirika makubwa ya ndege yakabaki kufungua injini yakitafuta. Ilijulikana tu kwa sababu mafundi wa shirika la ndege la Ureno walitilia shaka kitu kimoja wakauliza watengenezaji wenyewe, nao wakasema hiyo karatasi si yetu.

Sasa fundi mkubwa wetu akiona jina la muuzaji halijui anatuma email kwa aliyesaini. Wauzaji wengine wanakasirika sana.

Jana nimerudisha zile brekipadi. Jamaa akaniuliza, "Risiti iko wapi boss?" Na hakuwa amenipa.