Siku moja ya mwalimu anayesoma masta

Mama mkwe wangu anaamini masta ni kusoma vitabu vinene halafu kuvaa joho. Basi mama, leo ilikuwa hivi.

Saa 10:30 alfajiri nimeshafungua kompyuta jikoni, maji ya chai yanachemka. Ni muda wa kupitia machapisho ya waliotangulia kabla mtoto hajaamka. Nimesoma makala moja nzima, nikapata sentensi moja ya kutumia. Hiyo kwangu ni asubuhi njema.

Saa 12:15 niko Rangi Tatu, hapa Dar es Salaam, nagombania daladala. Nimesimama Barabara ya Kilwa yote.

Saa 1:30 hadi 4:30 nafundisha fasihi simulizi kidato cha pili, mikondo miwili: wanafunzi 87 na 91. Kila zoezi ni madaftari 178. Mada ya tasinifu yangu, lile andiko la utafiti la kumalizia masta, ilitoka humo: mwalimu anampaje mwanafunzi mrejesho katika darasa lililofurika?

Saa 4:30, chai. Leo najaribisha dodoso, karatasi ya maswali ya utafiti, kwa walimu kumi wa shule yetu, ambayo haimo kwenye sampuli, yaani kundi nitakalolihoji kwa utafiti wenyewe. Tisa wamechukua karatasi bila neno. Wa kumi ni mwalimu wa Hisabati.

"Ticha, hii ina posho?"

"Haina, mwalimu."

"Hata soda?"

Nikamwambia hata soda. Akaanza kusoma maelezo ya ridhaa neno kwa neno, huku chapati yangu inapoa. "Umeandika hapa nina haki ya kuacha katikati." Ni kweli, niliandika mwenyewe, na maadili ya utafiti ndivyo yanavyotaka. Nikameza mate.

Swali la 4: *Mkuu wa shule na wazazi hunihimiza kusahihisha madaftari.* Visanduku vitano, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", kipimo alichokileta Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932.

"Mkuu ananihimiza kila Jumatatu. Wazazi sijawaona tangu Januari. Nitiki wapi?"

"Tiki unavyoona."

"Naona maswali mawili."

Swali la 11: *Huwa sirudishi madaftari kwa wakati.* Akavua miwani. "Nikisema sikubali, nimeyarudisha au sijayarudisha?" Walimu wengine wakaanza kucheka, na wawili waliokwisha kujaza wakaomba karatasi zao warekebishe. Kengele ikalia yuko swali la 13. Akaondoka na karatasi yangu, na kalamu yangu.

Nilikasirika mpaka kipindi cha saba. Nilipokusanya zile tisa nikakuta watu watatu wametiki visanduku viwili kwenye swali la 4, na mmoja ameandika pembeni: *inategemea*. Tasinifu inaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maswali niliyatunga kwa Kiingereza kisha nikayatafsiri. Lile la 11, kwa Kiingereza, wala halikunishtua. Kwa Kiswahili, "sikubali kwamba sirudishi" ni kitendawili.

Saa 10 jioni, daladala tena, safari hii kwenda chuo. Kipindi cha leo ni ukubwa wa sampuli, kanuni ya Yamane ya kujua uhoji wangapi kati ya watu wote: walimu 120 gawanya kwa (1 jumlisha 120 mara 0.05 kipeo cha pili), hiyo 0.05 ikiwa ni kosa unaloruhusu. Inakuja 92 na ushei. Nikaandika 93, maana hakuna nusu mwalimu. Aliyekaa mbele yangu, naye mwalimu, alikuwa amelala, kalamu bado mkononi. Hakuna aliyemwamsha.

Baada ya hapo msimamizi wa tasinifu alinirudishia sura ya kwanza. Kurasa 14, wino mwekundu mahali pamoja tu: *Pengo liko wapi?* Yaani, ni kitu gani waliotangulia hawajakitafiti?

Kuanzia hapo saa sizijui. Najua konda aliniamsha kituoni, mtoto alikuwa ameshalala, na ugali ulikuwa wa baridi. Nimeligawa swali la 4 likawa mawili, la 11 nimeliondolea ukanushi. Kibali bado: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa mkurugenzi wa manispaa, ifike kwa afisa elimu, ndipo wakuu wa shule wanipokee. Na madaftari 178 yako kwenye mfuko pale mlangoni, yananitazama.

Simu imelia sasa hivi. Ni mwalimu wa Hisabati.

"Ticha, nimemaliza. La 17 nalo lina shida. Kesho njoo na soda nikueleze."